Uso umefichwa, makochi yanasema: picha za Farah Al Qasimi

Mwanamume ameketi sebuleni, kavaa kanzu nyeupe ya Kiimarati, yaani ya Falme za Kiarabu. Amevuta sigara ya kielektroniki, amepuliza, na wingu la mvuke limemfunika uso wote. Macho hatuyaoni, ndevu hatuzioni, hatujui kama amenuna au anacheka. Kinachoonekana bila kificho ni sebule yenyewe, na samani zake za fahari zinazong'aa chini ya mwanga mkali wa flashi. Picha hii ya mwaka 2016 inaitwa Living Room Vape. Aliyeipiga ni Farah Al Qasimi, na kwa maoni yangu hakuna mpiga picha wa kizazi chake pale Ghuba anayemfikia kwa ukali wa jicho.

Msomaji wa magazeti ya Ulaya na Marekani akiambiwa hii ni picha ya mwanamume Mwarabu, tayari ana vitu anavyovitarajia. Anatarajia jangwa, au bunduki, au kisima cha mafuta, na siku hizi mnara wa vioo. Hapa hapati hata kimoja. Anakutana na jamaa aliyejipumzikia kwao, na hata huyo jamaa haonyeshwi sawasawa.

Kazi za Al Qasimi husifiwa mara nyingi kwa rangi zake na kwa namna zinavyoutania ufahari wa Ghuba. Sifa hizo ni za haki, ila zinaishia juu juu. Ninavyomwelewa mimi, anavitanguliza vitu mbele ya kamera vitazamwe mpaka jicho lishibe, ili watu waliomo ndani ya nyumba wabaki na siri yao. Hapo ndipo utambulisho, jinsia na tamaa ya kununua vinapokutana katika kazi yake. Hapo hapo pana pengo pia, ambalo sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sababu ya kulitaja waziwazi.

Al Qasimi alizaliwa Abu Dhabi mwaka 1991, akasomea upigaji picha katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alikomaliza shahada ya uzamili mwaka 2017. Kazi zake zimegawanyika kati ya New York na Imarati. Ukitaka kujua kwa nini amezama kwenye vitu vya dukani kiasi kile, angalia alichokulia. Mafuta ya Abu Dhabi yalianza kuuzwa nje mwaka 1962, na Falme za Kiarabu ziliungana tarehe 2 Desemba 1971. Kabla ya hapo, kizazi cha mabibi na mababu kilijua nyumba za makuti ya mtende na jasho la kupiga mbizi kutafuta lulu. Tamasha la Manunuzi la Dubai lilianzishwa mwaka 1996, binti akiwa na miaka 5. Dubai Mall ilipofunguliwa mwaka 2008 alikuwa na miaka 17. Umri wake na umri wa maduka makubwa ya nchi yake umekwenda sambamba.

Katika nchi ambamo karibu watu 9 kati ya 10 ni wageni waliokuja kufanya kazi, raia ni wachache kwao wenyewe, na mavazi yanabeba mzigo mzito. Kanzu nyeupe kwa mwanamume na abaya nyeusi kwa mwanamke vinamtangaza mtu kuwa ni mwenyeji kabla hajafungua mdomo. Lakini fuatilia hiyo kanzu inakotoka. Kitambaa kinachosifiwa kuliko vyote kwa kanzu za Ghuba hufumwa Japani, na mshonaji aghalabu ni fundi kutoka India, Pakistan au Bangladesh. Makochi ya sebuleni yanaiga majumba ya wafalme wa Ufaransa wa karne ya 18, na mengi yametengenezwa China au Uturuki. Utambulisho wa taifa, kwa sehemu kubwa tu, umenunuliwa madukani kutoka kwa wengine. Hilo halinifanyi niuone kuwa wa uongo. Kanga nazo zilianza kuchapwa mbali na pwani yetu, na hakuna anayethubutu kumwambia mama wa Unguja kwamba kanga si yake.

Al Qasimi analijua hilo, na halikejeli. Mpiga picha mwingine angeingia katika sebule kama ile akatafuta kinachochekesha: dhahabu kupita kiasi, maua ya plastiki, pazia lililokunjwa mara kumi. Yeye anaingia kama mtu wa nyumbani. Flashi yake ni ile ya moja kwa moja, isiyobembeleza, inayokumbusha picha za harusi na katalogi za samani, na chini ya mwanga huo kila uzi wa zulia unaonekana. Vitambaa, karatasi za ukutani, kucha za bandia, chupa za manukato, vyote vinapewa heshima ileile ambayo wachoraji wa zamani wa Ulaya waliwapa wafalme wao.

Msomaji wa Kariakoo, Eastleigh au Darajani hahitaji kuelezwa vitu hivi, maana sehemu ya shehena hiyohiyo huteremkia kwetu. Wafanyabiashara wetu, wanawake wengi miongoni mwao, wameizoea njia ya Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2004 wana pia Dragon Mart, soko la bidhaa za Kichina lenye urefu wa zaidi ya kilomita 1, lililojengwa kwa umbo la joka. Al Qasimi ameshapiga picha humo. Abaya zenye vijiwe vinavyometameta zinazovaliwa siku ya Idi mjini Mombasa, na seti za makochi zinazopelekwa kwa bwana harusi Temeke, zimepita katika maduka kama yale ambayo kamera yake imeyatembelea. Ndiyo maana nasema hizi si picha za watu wa mbali. Wachache wana haki ya kuzihukumu kuliko sisi.

Sasa turudi kwenye uso uliofichwa, maana hapa ndipo kazi yake inapokuwa na uzito.

Nyumba katika Imarati ni mahali pa faragha kweli. Picha ya mwanamke asiye na shela, iliyopigwa chumbani au harusini, haitoki nje. Simu hukusanywa mlangoni kwenye harusi za wanawake. Sheria ya makosa ya mtandao ya nchi hiyo inampa adhabu anayeingilia faragha ya mwingine kwa kumpiga picha bila ruhusa. Mpiga picha anayetaka kuonyesha maisha ya ndani bila kuwafedhehesha watu wake amebanwa. Al Qasimi amekifanya kikwazo hicho kuwa mtindo. Mwanamke anakunja blanketi, na blanketi lenyewe linatuzibia. Mwingine kamwaga nywele, nywele zimeumeza uso. Mtu amelala zuliani, na nguo zake zimefanana na zulia kama kinyonga na tawi, mpaka jicho lako lifanye kazi ya kumtafuta. Majina ya baadhi ya picha nayo yanamtaja mtu kwa herufi moja: M amejilaza kwenye zulia, S anakunja blanketi. Anayemjua M anamjua. Wewe na mimi tunatosheka na zulia.

Kuielewa herufi hiyo moja, kumbuka biashara ya kadi za posta ya mwanzoni mwa karne ya 20. Wapiga picha Wafaransa nchini Algeria waliwalipa wanawake waje studio, wakawavisha, wakawavua, wakawapanga mbele ya mapazia ya kupaka rangi, kisha wakauza kadi zenye maelezo kama vile «mwanamke wa Kimuri», neno la Wazungu kwa Waislamu wa Afrika Kaskazini, bila jina. Wanawake wa Algeria waliojifunika mitaani walimkwaza mwenye kamera, akajitengenezea wa kwake studioni. Pwani yetu haikusalimika. Studio za Unguja, ya A. C. Gomes ikiwemo, ziliuza kadi za wanawake wa Kiswahili wamevaa kanga na vipini, na chini yake hapakuwa na jina la mtu, palikuwa na jina la kabila au neno la kumsifu uzuri. Yule dada alikuwa na jina, alikuwa na mama, alikuwa na mtaa. Kadi ilimgeuza sampuli.

Kadi za posta zilifuta jina na kubakisha uso na mwili kwa ajili ya mnunuzi. Al Qasimi anamfungia mnunuzi uso na mwili, kisha anabakisha dalili ya jina, herufi moja, kuthibitisha kwamba kuna mtu anayetambuliwa na wenzake. Kwangu mimi hilo ni jibu kwa historia nzima ya picha za wanawake wa Kiarabu, na limetolewa bila hotuba.

Kuna njia nyingine za kujibu, na si zote zimefanikiwa kulizuia jicho la mgeni. Boushra Almutawakel wa Yemen, mzaliwa wa Sana'a mwaka 1969, alitengeneza mwaka 2010 mfululizo wa picha 9 zinazomwonyesha mama, binti na mwanasesere. Katika picha ya kwanza wana mavazi ya rangi na nyuso zinatabasamu. Hatua kwa hatua wanafunikwa, rangi zinakwisha, tabasamu zinakwisha, na mwisho panabaki weusi mtupu. Ni kazi yenye nguvu ya kutisha. Ilisambaa mno mitandaoni, na kila mwenye ugomvi wake na hijabu aliinyakua kama silaha, ingawa Almutawakel mwenyewe ameeleza kwamba hapingi hijabu, bali anaogopa misimamo mikali inayotaka kumfunika hata mtoto mdogo. Picha ilimtoka mikononi. Nikiitazama leo namheshimu zaidi kwa ujasiri wake, kwa sababu aliyasema hayo akiwa mwanamke wa Yemen aliyekuwa na mengi ya kupoteza.

Hassan Hajjaj, Mmoroko aliyezaliwa Larache mwaka 1961 na kukulia London, alishika njia ya tatu. Wanawake wake wa Marrakech wamepanda pikipiki, wamevaa majoho na shela zenye nembo za kampuni kubwa za mitindo na michezo, na fremu zenyewe zimepangwa makopo ya soda yenye maandishi ya Kiarabu. Wanakutazama, hata wanapokuwa na miwani ya jua, kana kwamba wewe ndiye uliyekatiza barabara yao. Nazipenda sana picha hizo. Lakini nembo ndani yake zinatangulia kuzungumza, na magazeti ya mitindo yalizipenda haraka mno, kwa sababu zinaweza kugeuzwa tangazo bila kubadilishwa chochote. Ya Al Qasimi ni vigumu kuigeuza tangazo. Bidhaa zimo tele, ila hakuna uso wa kukushawishi ununue.

Kuhusu jinsia, wengi hudhani ukisema mpiga picha wa kike wa Kiarabu umesema habari za wanawake basi. Al Qasimi amewatazama wanaume kwa upole ambao sijauona kwingine. Onyesho lake la mwaka 2017 mjini New York, lililoitwa More Good News, lilijaa wanaume wa Imarati katika hali ambazo kamera za habari haziwaonyeshi. Mwaka ule si wa bahati nasibu. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuingia kwa raia wa nchi 7, nyingi zikiwa za Kiarabu, na sura ya mwanamume Mwarabu katika televisheni za Marekani ilikuwa sura ya hatari. Imarati haikuwamo katika orodha hiyo, lakini askari wa uwanja wa ndege hamtofautishi kijana wa Abu Dhabi na wa Aden, Yemen, kwa kumtazama tu.

Moja ya picha zake za kipindi hicho, Nose Greeting ya mwaka 2016, inaonyesha wanaume wawili wakisalimiana pua kwa pua. Waswahili waliokaa Oman na Imarati wanaijua salamu hiyo. Kwa wenyewe ni adabu ya kila siku, kama sisi tunavyopeana mkono na kuurudisha kifuani. Kwa Mmarekani aliyefundishwa kwamba wanaume wa Kiarabu ni wakali, na aliyefundishwa pia kwamba wanaume wakikaribiana usoni lazima kuna jambo, picha hiyo inavuruga masomo yote mawili kwa pamoja. Al Qasimi amekaribia akapiga picha, akatuachia sisi kazi ya kujua tumeona nini: heshima, undugu, na ulaini ambao uanaume wa Ghuba umeubeba siku zote bila kuuonea haya.

Kijana wa mvuke sebuleni naye ni wa kundi hili. Sebule ya fahari katika nyumba nyingi za Ghuba ni ya kupokelea wageni, mahali pa kuonyesha ukarimu na hadhi ya ukoo. Mwanamume ameirithi pamoja na wajibu wake: kukaa wima, kumimina kahawa, kulinda jina. Huyu ameleta humo kifaa cha vijana na kujifukiza kama mtu aliyechoka kutazamwa. Simwoni kama mwasi. Namwona kama mtu aliyepata sekunde mbili za mapumziko ndani ya wajibu ule.

Januari 2020 kazi zake zilitoka kwenye kuta za nyumba za sanaa zikaingia barabarani. Mfuko wa sanaa za umma wa New York, Public Art Fund, ulimpa nafasi, naye akatundika picha 17 kwenye vibanda 100 vya kusubiria basi katika wilaya zote 5 za jiji hilo. Aliuita mradi huo Back and Forth Disco. Kibanda cha basi ni mahali pa tangazo. Anayesubiri basi amezoea kuuziwa kitu pale: simu, bima, filamu, pombe. Safari hii alikuta picha yenye rangi zote za tangazo na mng'ao wote wa tangazo, isiyouza chochote. Alikuwa anatazama mitaa ya wahamiaji ya jiji lake mwenyewe, vinyozi, maduka ya vitambaa, maduka ya vyakula ya pembeni mwa barabara.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya taa ya fahari iliyotundikwa ndani ya duka dogo la vyakula. Taa ya vioo, ya ukumbi wa harusi, inaning'inia juu ya bidhaa za kila siku. Ili uone uzito wake unahitaji kujua jambo moja la New York. Maduka mengi ya namna hiyo yanamilikiwa na Wayemeni. Tarehe 2 Februari 2017, siku chache baada ya marufuku ya kuingia Marekani kutangazwa, Wayemeni walifunga zaidi ya maduka 1,000 na kukusanyika Brooklyn kuandamana. Watu wa New York waliokuwa wakinunua kahawa na mkate pale kila siku bila kumtazama muuzaji walikuta mlango umefungwa, wakalazimika kujua ni nani aliyekuwa nyuma ya kaunta. Sidhani kama mwenye duka aliyetundika taa ile aliitundika ili auze maziwa mengi zaidi. Nadhani aliitundika kwa sababu mwenye duka kama lile huishi humo saa nyingi kwa siku, na mtu anastahili kupendezewa na mahali anapoishi. Al Qasimi aliiona taa, akajua inasema nini, akampelekea ujumbe kila mtu aliyekuwa akisubiri basi.

Kisha likaja janga la korona. Mradi ulipangwa kukaa hadi Mei 2020, na ndani ya miezi hiyo abiria walitoweka vituoni. Nimewahi kusoma watu wakilitaja hilo kama bahati mbaya ya msanii. Lakini waliobaki kupanda mabasi New York wakati ule walikuwa wauguzi, wafagiaji, wapishi, wauza maduka, wengi wao wahamiaji. Picha zilibaki mbele ya watu zilizowahusu.

Kuna kazi yake moja ya video ambayo lazima niigusie, kwa sababu inatuhusu kwa njia isiyotarajiwa. Um Al Naar, ya mwaka 2019, inamleta jini wa Ras Al Khaimah, mojawapo ya falme za Imarati, mbele ya kamera na kumhoji kwa mtindo wa vipindi vya televisheni vya maisha halisi. Jini amejifunika kitambaa gubigubi, na katika mazungumzo yake anawakumbuka Wareno na Waingereza waliopita katika ufuko ule. Jina la Al Qasimi ni la ukoo unaotawala Sharjah na Ras Al Khaimah. Waingereza waliwaita watu wa ukoo huo maharamia, wakaishambulia Ras Al Khaimah mwaka 1809 na tena mwaka 1819, na mshirika wao wa Kiarabu katika vita hivyo alikuwa Seyyid Said wa Oman, yuleyule aliyekuja baadaye kuifanya Unguja makao yake. Kwa hiyo jini huyo na sisi tuna mtu tunayemfahamu kwa pamoja.

Pia tunajua jini anataka nini. Waganga wa pwani yetu watakwambia pepo wa Kiarabu hapungwi hivihivi: anadai pete, kitambaa cha rangi fulani, marashi, udi, halua. Ana orodha ya manunuzi. Kumweka kiumbe huyo kwenye televisheni, ambako mtu hupewa thamani kwa kadiri anavyoweza kuuza kitu, ni wazo lenye akili nyingi. Jini wa Al Qasimi analalamika kwamba amesahauliwa. Aliyechukua nafasi yake katika fikra za watu yuko kwenye simu na kwenye mabango, naye pia hashibi.

Sasa lile pengo.

Nyumba hizi husafishwa na nani? Zulia ambalo M amelala juu yake limefagiliwa, mapazia yamefuliwa, vioo vya meza vimepanguswa mpaka flashi inaakisiwa bila doa. Katika picha za ndani za Imarati nilizoziona, mkono uliofanya kazi hiyo haupo. Familia ipo, imefichwa kwa mapenzi na heshima. Mtumishi hakufichwa, hakualikwa kabisa. Kwa msanii mwenye jicho kali namna hii, anayejua kitambaa kinatoka wapi na taa inaning'inia kwa nini, naliona hili kuwa jambo zito. Inawezekana analikwepa kwa heshima, asimpige picha mtu asiyeweza kukataa. Nakubali hoja hiyo ina uzito, kwa sababu ruhusa ya mtu ambaye hati yake ya ukaazi iko mikononi mwa tajiri wake haiwi ruhusa kamili. Lakini matokeo yake ni kwamba sebule ya Ghuba inaonekana kama iliyojisafisha yenyewe.

Naandika hili kwa Kiswahili kwa makusudi. Maelfu ya wanawake kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi wamefanya kazi katika nyumba za Ghuba chini ya mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Wapo waliopata waajiri wema wakajenga kwao. Wapo waliorudi na majeraha, na wapo waliorudi katika majeneza. Wao wanazijua sebule zile kuliko msanii yeyote. Wanajua kochi lipi huvuta vumbi, pazia lipi halitakiwi kuguswa na pasi ya moto, chumba gani mwenye nyumba hujifungia akitaka kulia.

Na wamepiga picha. Fungua TikTok utawaona: dada yuko jikoni usiku wa manane, anaosha vyombo vya karamu, anazungumza kwa Kiswahili au Kiganda kwa sauti ya chini. Kamera ameielekeza kwenye mikono yake, au sakafuni, au kwenye kigae cha ukuta. Uso mara nyingi haupo, na nyumba haionekani zaidi ya pembe moja. Anajificha kama M na S, ila sababu zake ni nyingine. S amefichwa na mtu anayempenda, asije akatazamwa na wasiomjua. Dada wa jikoni amejificha mwenyewe, kwa sababu akitambuliwa atanyang'anywa simu, au mshahara, au atarudishwa kwao kabla mkataba haujaisha. Faragha ya mwenye nyumba inalindwa na mila na sheria. Ya kwake inalindwa na kidole gumba kilichowekwa juu ya lenzi.

Al Qasimi ana desturi ya kutundika picha zake kubwa zikafunika ukuta mzima kama karatasi ya ukutani, kisha juu yake anaweka nyingine ndogo zenye fremu, moja ikiizungumzia nyingine. Ningependa makumbusho ya Sharjah, ya Nairobi au ya Unguja yajaribu hivyo kwa kazi za pande hizi mbili: sebule ikae ukutani kote, na juu yake, kwenye fremu ndogo, picha za jikoni zilizopigwa na wanawake wetu, kwa ruhusa yao, kwa malipo, na kwa herufi moja tu ya jina la kila mmoja ikiwa ndivyo watakavyotaka.